Una presha na unaenda operesheni? Tuongee kuhusu nusukaputi

Kuna maneno mawili nayasikia sana wodini hapa Dodoma na yote mawili yanaumiza watu. La kwanza ni lile la kwamba mtu mwenye presha hapigwi nusukaputi, akipigwa haamki, na kwa sababu ya hilo neno unakuta mama ana uvimbe kwenye kizazi anavuja damu miaka na miaka, au mzee wa tezi dume anatembea na mpira wa mkojo kwenye mabasi ya Kongwa na Mpwapwa, kisa tu jirani kamwambia presha na kisu haviendani. La pili ni la mtu kuambiwa asile kuanzia usiku, basi anaacha na vidonge vyake vya presha, asubuhi anapimwa presha imepaa, operesheni inaahirishwa, anarudi Chemba na nauli ndo imeshaisha hivyo.

Mimi kazi yangu ni kulaza watu usingizi tiata na nataka nieleze hili jambo vizuri, kwa sababu watu wa presha wanafanyiwa operesheni kila siku na wanaamka salama, ila kuna namna ya kwenda nao na mgonjwa mwenyewe ana sehemu yake kubwa tu.

Tuanze na namba. Ya juu ni nguvu ya damu pale moyo unapopiga, ya chini ni pale moyo unapopumzika. Sisi tiata tunaiangalia sana ya tatu ambayo wodini wengi hawaisemi, yaani wastani, unaipata kwa kuchukua ya chini halafu unaongeza theluthi moja ya tofauti ya hizo mbili. Mwenye 120/80 wastani wake ni kama 93, mwenye 150/90 ni 110, mwenye 180/110 inafika kama 133. Huo wastani ndo unasukuma damu mpaka kwenye ubongo na figo. Na moyo wenyewe nao unakula kutokana na huo huo msukumo, hasa ile namba ya chini.

Sasa mtu aliyekaa na presha miaka kumi bila dawa, au na dawa za kumeza akikumbuka, mishipa yake imeshakuwa minene na migumu, ukuta wa moyo umevimba kwa kusukuma mzigo, na ubongo wake umehamisha kiwango chake cha kufanyia kazi, umeshazoea msukumo mkubwa. Ukimshusha ghafla mpaka kwenye presha ambayo kwa mwingine ni nzuri kabisa, kwake inakuwa kama maji yakipungua nguvu kwenye jengo la ghorofa, bomba la chini linatiririka vizuri tu huku la juu limekauka. Ndo maana nasema hatari ya presha tiata haiko kwenye ukubwa wa namba peke yake, iko kwenye kuyumba, kupanda ghafla na kushuka ghafla, na kule kushuka watu wengi hata hawakufikirii kabisa.

Na mwenye presha huwa anayumba kuliko mwingine. Chukua mfano wa mama wa miaka hamsini na kitu kutoka Kondoa, anatolewa kizazi, presha yake ya kila siku kliniki ni 150/90. Tangu jana jioni hajala, maji kaacha alfajiri, na Dodoma hii ya Oktoba joto lake unalijua, kwa hiyo mwili wake una maji kidogo kuliko anavyoonekana. Namwingizia propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, taratibu, macho yanafunga, na ndani ya dakika moja au mbili mishipa yote inalegea kwa pamoja na ile monita iliyokuwa inasoma 158/92 inasoma 95/55. Wastani wake umetoka kwenye 114 umefika kama 68. Hapo hapo natakiwa kumwekea mpira wa kupumulia kooni, na kile chuma cha kufungulia koo kikigusa pale nyuma ya ulimi mwili wote unashtuka hata kama mwenyewe amelala fofofo, moyo unakimbia, presha inaruka, kwa mtu wa presha inaweza kufika 190 au 200 na kitu. Halafu mpira ukishakaa daktari wa upasuaji bado anapaka dawa na kutandika mashuka ya kijani, hakuna kinachomuumiza mgonjwa, presha inazama tena. Kisu kikigusa ngozi inapanda. Haya yote ni ndani ya dakika kumi na tano au ishirini, na bado hajaamka, maana kuamka nako kuna mruko wake.

Kwa hiyo kazi yetu hapo ni kuyalainisha hayo mawimbi. Dawa ya usingizi inaingia polepole na siyo kusukumwa yote kwa mpigo, kabla ya mpira unatanguliza dawa kali ya maumivu kama fentanili, wengine wanaongeza lignokaini kidogo ya mshipani, na mwenye mkono mwepesi anaweka mpira haraka bila kung'ang'ania kooni. Pembeni unakuwa na sindano zimeshavutwa na kuandikwa majina, efedrini au fenilefrini za kupandisha, kama hazipo unazimua adrenalini kwa uangalifu mkubwa sana. Maji ya dripu yanakwenda lakini hayamwagwi tu, kwa sababu moyo mgumu ukizidishiwa maji unayarudisha kwenye mapafu. Lengo ambalo wengi tunalishika ni kutotoka nje ya asilimia 20 ya presha ya kawaida ya huyo mtu, na kwa vyovyote wastani usikae chini ya 65. Kwa yule mama mwenye wastani wa 110 maana yake namtaka kati ya 88 na 132 hivi, kwa hiyo ile 68 ya mwanzo, ambayo kwa kijana wa chuo nisingeshtuka sana, kwake siiachi ikae.

Ona basi kwa nini nikija wodini usiku wa kabla nakusumbua na maswali ya presha yako ya kliniki. Siulizi ili nikugombeze. Bila kujua kawaida yako siwezi kujua nikushikilie wapi. Njoo na kile kidaftari cha kliniki ya presha hata kama kimechakaa.

Zamani hata madaktari waliamini tofauti, miaka ya 1950 kulikuwa na wasiwasi mkubwa kwamba dawa za presha zikichanganyika na nusukaputi zinamwangusha mgonjwa, kwa hiyo ilishauriwa ziachwe kabla ya operesheni. Mwaka 1971 Prys-Roberts na wenzake kule Uingereza wakaonyesha kwamba wanaoyumba vibaya zaidi ni wale ambao presha yao haijatibiwa au haijadhibitiwa, na waliotibiwa vizuri wanakwenda karibu na watu wa kawaida. Tangu hapo msimamo ukageuka. Na hicho kitambaa cha kupimia presha chenyewe, alichokibuni Mtaliano Riva-Rocci mwaka 1896, kilifika tiata mapema sana, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani Harvey Cushing alikiona Italia mwaka 1901 akaenda nacho kwao kwa sababu alitaka wagonjwa wake wapimwe wakiwa wamelala usingizi. Mimi huwa namshukuru sana huyo mzee.

Haya, asubuhi ya operesheni presha imesoma juu, inaahirishwa au haiahirishwi? Hapa ndo pana ugomvi mwingi kati yetu na madaktari wa upasuaji na ndugu wa mgonjwa. Kiwango kinachotumika sehemu nyingi duniani kwa operesheni isiyo ya haraka ni 180/110. Chini ya hapo, kama hakuna dalili nyingine, moyo haulalamiki, figo ziko sawa, hapumui kwa shida, operesheni inaweza kwenda. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 ulisema hivyo wazi, tena ukaongeza kwamba vipimo vya kliniki vya miezi 12 iliyopita vikiwa chini ya 160/100 vinatosha kumpeleka mtu kwa upasuaji. Kwa hiyo kumrudisha mtu nyumbani kwa sababu amesoma 165/95 asubuhi ya wasiwasi, mimi sikubaliani nako kabisa, na inaniuma nikiona mtu kauza gunia la alizeti kupata nauli na hela ya kulala mjini halafu anarudishwa kwa namba ambayo haikupaswa kumrudisha.

Na kabla ya kuiamini hiyo namba ipime vizuri. Mgonjwa akae dakika tano bila kuongea, mkojo uwe umetoka, mkono umeegemea kitu, na kitambaa kiwe saizi ya mkono wake, maana mama mwenye mkono mnene ukimfunga kitambaa kidogo utapata presha ambayo hana. Pima mikono yote miwili. Rudia. Nimeona mara nyingi namba inashuka yenyewe mgonjwa akishatulia na kuongeleshwa vizuri.

Ikibaki kweli juu ya 180/110 na operesheni ni ya kusubiri kama ngiri au busha, basi inasubiri, na inasubiri wiki kadhaa za dawa, siyo masaa. Hiki kitu naomba kieleweke vizuri. Kuna tabia ya muda mrefu ya kumpa mgonjwa kidonge cha nifedipini chini ya ulimi, au kukitoboa na kumdondoshea, ili presha ishuke haraka aingie tiata. Namba inashuka kweli, karatasi inapendeza, lakini ubongo uliozoea 190 kwa miaka haujahama ndani ya nusu saa, mishipa bado minene vile vile, na watu wamepata kiharusi na moyo kukosa damu kwa sababu ya huo mporomoko, wataalamu walishaonya tangu miaka ya 1990. Utafiti mmoja mkubwa uliotoka mwaka 2008 unaitwa POISE, wenye wagonjwa zaidi ya 8,000, ulijaribu kuanza kuwapa watu metoprololi, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo na presha, siku ile ile ya operesheni, mashambulizi ya moyo yakapungua kweli, lakini viharusi vikaongezeka na vifo vikaongezeka, na kushuka sana kwa presha kulihusika. Kwa hiyo kumshusha mtu haraka haraka mlangoni mwa tiata siyo kumsaidia.

Sasa vidonge. Unaposikia usile chochote, hiyo ni chakula, ugali, uji, maziwa, chai ya maziwa, vitoke masaa sita kabla, na maji matupu unaruhusiwa mpaka masaa mawili kabla kwa kawaida, ingawa hospitali nyingi zinasema tangu usiku ili wasichanganye watu. Kidonge na funda moja la maji alfajiri hakikatazwi. Lakini siyo vidonge vyote, na hapa ndo uulize kwa jina. Amlodipini na nifedipini ya kumeza unaendelea nazo mpaka asubuhi ya operesheni. Atenololi, propranololi, bisoprololi na ndugu zao kama unazitumia kila siku usije ukaziacha hata kidogo, ukiziacha ghafla moyo unakimbia na presha inarudi kwa hasira. Vidonge vya kukojosha kama hidroklorothiazaidi na frusemaidi mara nyingi vinaachwa asubuhi ile, kwa sababu ushafunga na huna maji ya kupoteza, na vinaweza kuwa vimeshusha potasiamu.

Losartani, kaptoprili, enalaprili, hizi ndo zenye mjadala. Ukizimeza asubuhi ile presha inaweza kushuka sana ukishalala na ikawa ngumu kupandisha, ndo maana sehemu nyingi wanasema acha masaa 24 kabla. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2024 wenye wagonjwa zaidi ya 2,000 ukaonyesha walioendelea na walioacha matatizo makubwa baada ya operesheni yalikuwa sawa, ila walioendelea presha ilishuka zaidi tiata. Mimi kwa mazingira yetu, ambako fenilefrini kuna siku haipo kabatini, bado naona ni busara kuziacha hiyo siku moja kabla, lakini mwambiwe na anayewalaza, msijiamulie.

Kingine semeni ukweli kuhusu vya dukani. Wazee wetu wa jembe wana magoti, na diklofenaki wananunua kama pipi, hiyo inapandisha presha na inaumiza figo hasa ikikutana na losartani na vya kukojosha. Vitunguu swaumu vya kutafuna kila siku kwa wingi, dawa za mitishamba, vya kupunguza mwili, vyote taja. Hakuna atakayekucheka.

Watu wengi wakisikia presha wanasema basi apigwe sindano ya mgongo, hiyo haina shida. Ina uzuri wake kweli, hakuna chuma kooni, na akitoka tiata hana maumivu kwa masaa kadhaa. Lakini ile ganzi inazima na mishipa ya fahamu inayokaza mishipa ya damu, damu inajaa miguuni, presha inashuka, na kwa mwenye presha ambaye hajanywa maji tangu jana inaweza kushuka vibaya kuliko nusukaputi iliyopigwa taratibu. Ganzi ya kidole cha mguu au busha inaishia chini na haisumbui sana, ya kumtoa mtoto inapanda mpaka kifuani, ni vitu viwili tofauti. Na kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi kama wafarini au klopidogreli sema kabla, mgongo hauchomwi hovyo.

Ketamini nayo niigusie, maana kwenye vituo vya afya vya wilayani ndo dawa inayobeba watu, mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe na huhitaji mashine kubwa. Ila inapandisha presha na mapigo. Kwa mtu wa 190/115 siyo chaguo la kwanza, na kama ndo iliyopo basi kipimo kidogo na ichanganywe na kitu cha kumtuliza.

Wajawazito ni habari yao peke yao. Presha ya mimba yenye dalili za kifafa cha mimba dawa yake ni mtoto kutoka, kwa hiyo hapa hakuna cha kusubiri wiki sita. Presha ya 160/110 na kuendelea inashushwa kwanza, kwa hidralazini au labetaloli ya mshipani au nifedipini ya kumeza, siyo ya chini ya ulimi, na haishushwi mpaka chini kabisa kwa sababu mtoto anakula kupitia huo msukumo. Magnesiamu inaingia kuzuia kifafa. Kama chembe za kugandisha damu ziko vizuri na mama ana fahamu zake, sindano ya mgongo huwa ndo bora, na wengi wanashangaa kwamba mama hawa presha zao hazishuki sana na ganzi kama za mama wasio na tatizo. Ikibidi alazwe kabisa, koo lake linaweza kuwa limevimba na ule mruko wa presha wakati wa mpira unaweza kupasua mshipa kwenye ubongo, na ile magnesiamu inafanya dawa za kulegeza misuli zikae muda mrefu kuliko ulivyotegemea, kwa hiyo usiwe na haraka ya kuutoa mpira.

Kwa dharura pia hakuna kuahirisha. Utumbo umejisokota, kidole tumbo kimepasuka, mtu kapata ajali barabara ya Singida, anaingia na presha yake hivyo hivyo. Ila ndugu tafadhali msisahau kusema kwamba ana presha. Mtu wa ajali analetwa anasoma 110/70, kila mtu anaridhika, kumbe kawaida yake ni 170 na hiyo 110 ni damu inayomwagikia tumboni. Hilo neno moja la ndugu linaweza kubadilisha kila kitu hapo mapokezi.

Baada ya operesheni presha ikipanda wodini watu wanakimbilia dawa ya presha, mimi naomba mkague mambo ya kawaida kwanza. Ana maumivu? Kibofu kimejaa? Hiki cha kibofu kinasahaulika mno, hasa kwa aliyepigwa ganzi ya mgongo ambaye hawezi kuhisi, mzee anasoma 200 na tumbo la chini limesimama, anawekewa mpira mkojo unatoka na presha inarudi yenyewe. Ana baridi? Mwezi wa saba usiku wa Dodoma blanketi moja halitoshi. Oksijeni ya kidoleni inasoma ngapi? Vyote vikiwa sawa ndo unaongea habari ya dawa.

Vidonge vya nyumbani vinarudishwa mapema, vile vya moyo kama atenololi siku ile ile akiweza kumeza, na losartani na wenzake ndani ya siku mbili kama anakunywa vizuri, anakojoa, na presha haiko chini, kwa sababu kuna watu wanaacha siku moja kabla ya operesheni halafu hakuna anayewaambia waanze tena, wanakaa mwezi mzima. Kabla hujasaini kutoka wodini muulize nesi au daktari kidonge gani unaanza lini, na aandike kwenye kile kidaftari chako.